Mtoto Hasubiri Darasa la Kwanza

Kila Januari maduka ya Korogwe mjini hujaa wazazi wanaotafuta sare, viatu vyeusi na madaftari. Baba ambaye kwa miaka mitano hakuuliza habari za mwanawe anaonekana amepiga magoti dukani, anampima kaptula kiunoni. Kule Handeni mama anauza debe la mahindi apate begi la shule. Ni jambo jema na wanastahili pongezi. Lakini kaa nao uzungumze nao, utasikia fikra ileile kwa karibu wote: kwamba sasa ndiyo mtoto anaanza maisha, sasa ndiyo ataanza kujua mambo. Miaka yote iliyotangulia alikuwa bado mdogo. Alikula, akalala, akacheza vumbini. Hajui kitu.

Nasaha yangu leo ni juu ya fikra hiyo, kwa sababu naiona ndiyo chanzo cha makosa mengi tunayowafanyia watoto wetu bila kukusudia. Tunagombana mbele yao kwa kuwa hawajui kitu. Tunawapa uji mtupu kwa kuwa tumbo likijaa yatosha. Hatuwasemeshi kwa kuwa hawajaweza kujibu. Kisha mtoto akifika darasani, mwalimu akasema haelewi, tunamlaumu mwalimu.

Elimu ya afya imekwisha kutuambia kinyume cha tunavyodhani. Mtoto akitimiza miaka miwili, ubongo wake umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na akifika miaka mitano unakaribia asilimia 90. Maana yake, siku unapompeleka darasa la kwanza, sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga imekwisha kufanyika nyumbani kwako, ama vizuri ama vibaya. Mkulima wa Handeni anajua mvua ya masika ikimpita hajapanda, vuli inaweza kumsaidia lakini haitamrudishia msimu. Mtoto aliyepungukiwa mwanzoni anaweza kusaidiwa baadaye, na asikatiwe tamaa hata kidogo, ila msaada wa baadaye ni mgumu zaidi, ni ghali zaidi, na haufiki mbali kama ule wa mwanzo.

Na mwanzo wenyewe si siku ya kuzaliwa. Wataalamu wanahesabu siku 1,000 za kwanza tangu mimba inapotunga mpaka mtoto atimize miaka miwili. Korogwe ina haki ya kuzungumzia siku hizo kuliko wilaya nyingi, kwa sababu watu wake wamechangia elimu ambayo leo dunia nzima inaitumia. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyowahusisha watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi nchini Kenya, wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Chanjo ile ilipunguza malaria kwa zaidi ya nusu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Ni watoto waliobebwa na mama zao kwenye mbeleko kutoka vijijini. Tunapaswa kuwasimulia vijana wetu habari hiyo kwa fahari.

Wajawazito wa Korogwe nao walishiriki katika utafiti mwingine, wakafuatiliwa tangu mimba ikiwa changa. Ilionekana kwamba malaria inayompata mama mapema, wakati mwingine kabla hata hajaanza kliniki, humpunguzia mtoto ukuaji tumboni. Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, chakula na hewa vikamfikia mtoto kwa shida, naye akazaliwa na uzito pungufu. Sasa fikiria desturi yetu ya kuificha mimba mpaka itokeze, kwa kuogopa jicho la watu. Naielewa hofu hiyo, na simlazimishi mtu aitangaze mimba yake sokoni. Lakini muuguzi si jirani wa kufichwa. Mke wako akikwambia amekosa siku zake, mpeleke kliniki mwezi huohuo. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Vidonge vya SP vya kukinga malaria, ambavyo huanza kutolewa mimba ikiingia miezi mitatu ya katikati, avimeze mbele ya muuguzi bila kukosa, na vidonge vya kuongeza damu asiviache kabatini kwa sababu vinamtia kichefuchefu. Wewe mume ndiye wa kumkumbusha, na ndiye wa kwenda naye.

Kisha kuna suala la maji. Handeni tunaijua shida yake. Kuna mradi wa HTM unaovuta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe, na kuna malambo, lakini vijiji vingi bado mama anaondoka alfajiri na ndoo ya lita ishirini. Nimewaona wanaume wenye baiskeli, na siku hizi wenye pikipiki, wamekaa kijiweni huku wake zao wenye mimba ya miezi minane wakipita na ndoo kichwani. Jambo hili halihitaji mradi wala mfadhili. Ni aibu, na aibu hiyo mwenye nayo anaweza kuiondoa kesho asubuhi.

Twende sasa kliniki ya watoto, kwa kuwa huko ndiko ukweli wa nyumba zetu unakoonekana. Mizani inaning'inia kwenye boriti au kwenye tawi la mwembe. Mama anamvalisha mtoto kile kisuruali cha kupimia, anamtundika, mtoto analia, muuguzi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Kama nukta imeshuka kuliko ya mwezi uliopita, mazungumzo huwa hivi:

"Mama, mtoto anakula nini?"

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa mahindi."

"Na kingine?"

Mama ananyamaza.

"Kuku mnafuga?"

"Tunafuga."

"Mayai yanakwenda wapi?"

"Yanauzwa."

Ukisafiri kwa basi utayakuta mayai hayo yamechemshwa na kupangwa kwenye ndoo, yanakimbizwa kwenye madirisha pale Mkata, Kabuku na Segera, pamoja na chumvi na kachumbari. Abiria wa Arusha na Dar es Salaam anakula yai la mtoto wa Handeni. Machungwa yetu vilevile yanajaza malori yanayokwenda hadi Nairobi. Sisemi msiuze. Fedha inatakiwa, na mwenye njaa ya chumvi na sabuni hawezi kuambiwa afunge biashara. Nasema yai moja kwa siku libaki nyumbani, nalo liwe la mdogo kuliko wote. Lisiwe la baba kwa sababu ni baba, wala la mgeni kwa sababu ni mgeni. Na ule mwiko wa zamani kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi, au hatasema mapema, tuuache kabisa. Umewadumaza watoto wa kutosha.

Udumavu ni adui mwenye hila kwa sababu haonekani. Mtoto aliyekonda sana kila mtu anamwona na kumhurumia. Aliyedumaa ana mashavu, anacheka, anakimbia, ila ni mfupi kuliko umri wake, na tunasema tu kwamba ukoo wao ni wafupi. Kumbe ufupi ule ni alama ya nje. Ndani mwake ubongo nao ulikosa chakula katika miezi ambayo ulikuwa unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Tumepiga hatua, lakini chukua darasa la awali lolote uhesabu vichwa, uone watatu katika kila kumi ni wangapi.

Wala tatizo la Handeni na Korogwe si njaa tu. Miaka ya ukame ipo, tunaikumbuka. Lakini hata mwaka wa mavuno mema mtoto wa mwaka mmoja anapewa uji mweupe mwepesi na bada yenye mchuzi wa juu juu, wakati shambani kuna kunde na mbaazi, nyuma ya nyumba kuna mchicha na kisamvu, na dukani kuna dagaa wa kupimwa kwa kikombe. Miezi sita ya kwanza mpe ziwa peke yake. Usimpe maji, usimpe uji wa kumzoeza, usimpe dawa ya mchango. Najua hapo ndipo binti anapokabiliana na mama mkwe aliyelea watoto wanane kwa maji ya mchango. Asibishane naye. Aende naye kliniki, amwachie muuguzi aseme. Baada ya miezi sita uji uwe mzito kiasi cha kutodondoka kwenye kijiko, utiwe karanga zilizosagwa au dagaa waliotwangwa, na apewe mara kadhaa kwa siku, kwa sababu tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Mahindi yaliyoota ukungu tupeni. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mtoto ndiye wa kwanza kuumia kwa sababu kutwa anakula mahindi hayohayo.

Hayo ya chakula yamesemwa mara nyingi na wauguzi, nami nayarudia kwa sababu bado hatujayafanya. Lakini liko jambo ambalo husemwa mara chache, nalo ni kwamba mtoto aliyeshiba bado anaweza kuwa na njaa. Ana njaa ya kusemeshwa, ya kuangaliwa usoni, ya kuitikiwa anapoita.

Hapa Handeni tuna ushahidi wa jambo hilo ambao watu wengi duniani hawana. Katika karne ya 19 njaa kubwa ilipoipiga nchi hii, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia wakauzwa utumwani. Baadhi yao wakatoroka, wakaweka makazi kando ya Mto Juba. Hawakuwa na shule, hawakuwa na kitabu cha Kizigua, na waliowazunguka walisema lugha nyingine. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao wakakimbia na kurudi huku. Waliwekwa kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, hapahapa Handeni. Walipokutana na wenyeji walisema nao Kizigua, wakaelewana. Zaidi ya miaka 140 ilikuwa imepita.

Nani aliihifadhi lugha ile? Waliihifadhi watoto wadogo, kwa sababu mtoto ndiye mlango pekee ambao lugha inapitia kwenda kizazi kingine. Mama aliyekuwa analima ukingoni mwa Juba, amembeba mwanawe mgongoni, alimwonyesha ndege akamtajia jina lake. Bibi alimwambia njoo, nenda, chukua, usiguse moto. Kizazi kimoja tu kingeacha kusema na vichanga wake kwa kudhani hawajui kitu, leo Chogo ingekuwa kimya. Watu waliopokonywa kila kitu waliwasemesha watoto wao. Sisi tuliopo kwetu, tuna udhuru gani?

Basi semeni na watoto. Mtoto akiwa tumboni, miezi ya mwisho, anasikia sauti ya mama yake, na akizaliwa anaitambua. Unapomwogesha mtajie mkono, mguu, sikio. Unapopukuchua mahindi mpe gunzi alishike, umwambie hili ni gunzi, hizi ni punje. Akitoa sauti isiyo na maana, mjibu kana kwamba amesema jambo kubwa, kwa sababu kwake ni kubwa. Jioni muwe na hadithi. Paukwa, pakawa, sungura na fisi, visa walivyotusimulia bibi zetu, vyote hivyo vilikuwa shule ya awali kabla ya neno hilo kuja, na tumevibadilisha kwa simu yenye katuni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Simu inasema na mtoto lakini haimsikilizi, wala haimngoji ajibu.

Na msemesheni kwa lugha mnayoimiliki. Nasikia wazazi vijana mjini wanamzuia bibi asimsemeshe mtoto Kisambaa au Kizigua, ati atachelewa Kiingereza. Mtoto mdogo ana uwezo wa kubeba lugha mbili na tatu bila taabu, mradi kila moja anaisikia kwa mtu anayeijua vizuri. Kinachomdhuru ni maneno matano ya Kiingereza kibovu anayorudishiwa kutwa nzima na mtu asiyeweza kumweleza kwa lugha hiyo kwa nini mwezi unamfuata akitembea.

Majirani zetu wametoa somo kubwa katika jambo hili. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akakaa na akina mama sebuleni mwao kutazama tu jinsi vichanga wanavyoishi nao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya yale ambayo leo vyuo vya Ulaya na Marekani vinafundisha juu ya mapenzi ya mtoto kwa mlezi wake ilianzia katika sebule zile. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anazisoma ishara zake na kumwitikia upesi hakuwa mtoto wa kulia lia. Alikuwa na moyo wa kutambaa mbali, kugusa vitu, kuchunguza, kisha kurudi. Na aliona jambo jingine ambalo linanigusa: mama walioweza kusimulia habari za watoto wao kwa undani, anapenda nini, analalaje, alifanya nini jana, ndio waliokuwa na watoto wenye utulivu. Jiulize leo, baba na mama: ukiombwa umsimulie mwanao mdogo kwa robo saa, utayapata ya kusema?

Hapa nataka kukaa kidogo na wale waliomwacha mtoto kwa bibi. Ni wengi, na ni jambo la kwetu hasa. Binti wa Handeni au Korogwe anazaa, mwanaume haonekani, kazi hakuna, anakwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Mtoto anabaki na bibi. Simhukumu. Fedha anayotuma ndiyo inayonunua sabuni na daftari la ndugu zake, na bibi zetu wamelea mataifa. Namwomba mambo mawili tu.

La kwanza, asimtoroke mtoto. Ile tabia ya kusubiri alale ndipo mama abebe begi apande basi la alfajiri, ati asilie, inamuumiza mara mbili. Anaamka anakuta mtu aliyekuwa dunia yake yote ametoweka bila neno, na kuanzia hapo kila anayetoka mlangoni anamtia hofu. Wiki nzima ya kwanza hamwachii bibi hata aende chooni, nasi tunasema amedeka. Mwage. Mwambie unakwenda, mwambie utarudi, mwachie kanga yako yenye harufu yako, aachwe alie mikononi mwa bibi. Kilio cha kuagwa kina mwisho. La pili, piga simu umsemeshe yeye, usiishie kwa bibi kuuliza kama fedha imefika.

Na wewe wa Dar es Salaam, Tanga mjini au Arusha uliyempokea binti huyo, sikiliza. Mikononi mwake ndiko mwanao anakoshinda saa kumi kwa siku. Ukimlaza jikoni, ukamtukana mbele ya watoto, ukamkata mshahara kwa kikombe kilichovunjika, unategemea mchana atamwimbia mwanao kwa moyo gani? Mwenzio ameacha mtoto wake kijijini ili amlee wa kwako. Mlipe kwa wakati, mheshimu, mpe likizo akamwone mwanawe. Katika kufanya hivyo unamlea mtoto wako pia.

Waajiri wa hapa nyumbani nao wana sehemu yao. Korogwe ni nchi ya mkonge, na kwenye mashamba kama ya Ngombezi na Magoma wanawake wamefanya kazi miaka na miaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua pacha. Inamwambia pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda wa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi akamnyonyeshe mtoto. Baba naye ana siku tatu. Mama wengi hawaijui haki hii ya saa mbili, na mnyapara asiyeitaja anaona ameokoa kazi. Ameiba maziwa ya mtoto. Chama cha wafanyakazi kiibandike sheria hiyo penye mlango wa kila kiwanda, kwa maandishi makubwa.

Sasa fimbo. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, hupata ukatili wa kupigwa, kwa ngumi, mateke au kitu kama mjeledi, kabla ya kutimiza miaka 18. Wazee wetu watanijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nakubali, na ndiyo maana nauliza: mtoto wa miaka miwili aliyemwaga maji ya kunywa, amekosa nini? Mkono wake ndio unajifunza kushika kikombe. Aliyejinyea, aliyekataa kulala, aliyelilia kitu dukani, hana ukaidi. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asifanye linalomjia ni ya mwisho kukomaa, nawe unamchapa kwa kukosa kitu ambacho hajapewa. Anachojifunza ni kukuogopa na kujificha, na mtoto mwenye hofu ya kudumu akili yake inakesha ikilinda ngozi, haipati nafasi ya kujifunza hesabu. Mkatazeni kwa neno fupi, thabiti, leo na kesho neno lilelile. Mwondoe penye hatari, mpe kitu kingine cha kushika. Ni kazi ya subira, na subira ndiyo malezi yenyewe. Na acheni kumtishia kwa zimwi, kwa polisi, kwa sindano ya daktari. Siku atakapougua mtahitaji aende zahanati bila kupiga mayowe.

Zaidi ya kipigo chake yeye, kuna anachokiona. Baba akirudi amelewa, akampiga mama, yule mtoto aliyejikunja kwenye mkeka mmesema hajui kitu. Anajua. Hana maneno ya kusimulia, lakini mwili wake unakumbuka, na utaona anaanza kukojoa kitandani alipokuwa ameacha, au anashtuka mlango ukibamizwa.

Kina baba, nina neno na nyinyi. Desturi yetu imemweka baba mbali na kichanga, kana kwamba mtoto ni wa mama mpaka afikie umri wa kutumwa dukani au kuchunga mbuzi. Nataka tuibadilishe desturi hii, na tusione haya. Wakipsigis wa Kenya, mtafiti Charles Super aliwakuta miaka ya 1970 wakiwafundisha vichanga wao kukaa na kutembea kwa mazoezi ya kila siku, na watoto wao walikaa na kutembea mapema, kwa takriban mwezi mmoja, kuliko wa Marekani. Kutambaa, ambako hawakukufundisha, hawakuwatangulia. Mtoto husonga mbele pale anapopewa mkono. Dereva wa bodaboda anayerudi jioni, aoshe mikono, amchukue mwanawe, amsimamishe mapajani, amwite jina. Amtengenezee kigari cha kopo na vifuniko vya chupa. Nusu saa inatosha, ikiwa ni ya kila siku.

Katika kumshika huko ndimo utakamogundua mapema kama kuna tatizo. Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, na jirani asikutie wasiwasi kwa wa kwake. Lakini mtoto wa miezi tisa na zaidi ambaye hawezi kabisa kukaa bila kuegemezwa, wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, wa mwaka na nusu asiyetembea, huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Asifichwe ndani, na mama yake asisingiziwe kwamba amezaa mkosi au amekiuka miiko ya ukoo. Mtoto mwenye ulemavu anakua kwa mambo yaleyale anayokulia mwingine: chakula, usalama, mikono ya kumshika na mtu wa kumwitikia. Tofauti ni kwamba yeye akicheleweshwa anapoteza zaidi.

Serikali ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowalenga watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2009. Karatasi hizo ni njema. Lakini utekelezaji wake uko mikononi mwa vijiji, na vijijini kwetu ajenda ni barabara, mipaka ya mashamba, mifugo iliyoingia kwenye mahindi, na michango ya madarasa. Mtoto wa miaka miwili hana mjumbe.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Utakapoitishwa mwingine, wewe uliyesoma haya simama, mama au baba, uulize mbele ya mwenyekiti na mtendaji: watoto wetu wa chini ya miaka mitano ni wangapi, waliodumaa ni wangapi, na mchana, mama zao wakiwa shambani, wanashinda na nani? Usikae mpaka ujibiwe, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.